Sumu ya Machimboni Imeingia Bafuni

Kama unaishi Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro, Kahama au Mwakitolyo, zebaki unaijua. Ni kitu kizito, cheupe, kinachong'aa kama fedha. Ni madini, lakini hutiririka kama maji. Ukiimwaga kidogo mezani, hukimbia katika vitone vidogo vya mviringo. Watoto wakiiona hutamani kuichezea.

Wachimbaji wadogo wanaijua zaidi. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, mchanga wenye dhahabu huwekwa katika karai. Zebaki humiminwa humo na kukorogwa kwa mikono. Zebaki hukamata chembe za dhahabu na kuuacha mchanga. Kinachopatikana ni kitonge cheupe. Kitonge huwekwa juu ya moto. Zebaki hugeuka mvuke na kupaa. Dhahabu hubaki.

Hayo unayajua. Lakini je, unajua kwamba zebaki hiyo hiyo imewahi kutiwa katika sabuni ya kuogea? Je, unajua kwamba hata leo inapatikana katika baadhi ya mafuta ya kupaka usoni? Mwanamke ambaye hajakanyaga machimboni hata siku moja anaweza kuwa na zebaki nyingi mwilini kuliko wachimbaji wengi.

Soma makala haya mpaka mwisho. Kisha msomee na mwenzako ambaye hajui kusoma.

DAKTARI ALIYEPIMA NYWELE

Nchini Japani kuna mji mdogo wa wavuvi uitwao Minamata. Uko kando ya bahari. Kiwanda kimoja cha kemikali kilikuwa kikimwaga maji yake machafu baharini. Katika maji hayo mlikuwa na zebaki. Zebaki iliingia katika samaki. Watu walikula samaki, na paka pia walikula samaki.

Paka walianza kuyumba kama walevi, kisha wakafa. Baadaye watu nao waliugua. Mikono ilitetemeka. Wengine walishindwa kutembea, kuona vizuri, au kusema. Ugonjwa huo uliandikishwa rasmi mwaka 1956. Ukaitwa ugonjwa wa Minamata.

Daktari mmoja, Masazumi Harada, aliwachunguza watoto wa Minamata. Wengine walizaliwa wakiwa na ulemavu, ingawa walikuwa hawajawahi kula samaki. Siku zile madaktari waliamini kuwa kondo la nyuma humkinga mtoto asipate sumu iliyo katika mwili wa mama. Daktari Harada alionyesha kuwa sivyo. Sumu ilipita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni.

Miaka mingi baadaye, daktari huyo alikuja huku kwetu, Kanda ya Ziwa. Yeye na wenzake walikuwa na swali. Je, zebaki ya machimbo ya dhahabu imewafikia watu na samaki wa Ziwa Victoria?

Walipima nywele za watu. Nywele hutunza kumbukumbu. Zebaki ikiingia mwilini, sehemu yake hubaki katika nywele. Walipima nywele za watu 272. Walikuwamo wachimbaji, wavuvi na jamaa zao, na wakazi wa Mwanza mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999.

Wengi hawakuwa na zebaki ya kutisha. Lakini watu wachache walikuwa nayo nyingi mno. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Tena, zebaki yao haikuwa ya aina ile itokayo katika samaki. Ilitoka wapi basi?

Ilitoka katika sabuni. Wachunguzi waligundua kuwa baadhi ya watu hao walikuwa wakioga kwa sabuni ya kung'arisha ngozi yenye zebaki.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtaalamu alikuja kutafuta sumu ziwani na machimboni. Akaikuta bafuni, juu ya kibao cha sabuni.

SABUNI HIZO ZILITOKA WAPI?

Ngozi yetu ina rangi yake ya asili. Wataalamu huiita melanini. Rangi hiyo hutukinga na jua kali. Ndugu zetu wenye ualbino hawana rangi hiyo ya kutosha. Ndiyo maana wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta maalumu ya kukinga jua. Mafuta hayo ya kukinga jua ni msaada kwao. Hatuyasemi hayo katika makala haya.

Tunasema juu ya mafuta na sabuni za kufifisha rangi. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Mtu hupaka, na baada ya majuma machache huona amekuwa mweupe. Hufurahi. Hajui kwamba ngozi yake imenyang'anywa kinga, na kwamba sumu imepita kwenye ngozi na kuingia katika damu.

Sabuni za namna hiyo zilikuwa na zebaki gramu 1 hadi 3 katika kila gramu 100, ikiwa imechanganywa na ayodini. Nyingi zilitengenezwa Ulaya. Mwaka 1976, nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kukataza zebaki katika vipodozi vya watu wao. Lakini viwanda huko viliendelea kutengeneza sabuni hizo na kuziuza Afrika. Umoja wa Ulaya ulikataza sabuni hizo kuuzwa nje mwaka 2003. Hesabu mwenyewe. Tangu 1976 mpaka 2003 ni miaka 27. Kwa miaka 27 kitu kilichokatazwa kwao kiliruhusiwa kuja kwetu.

Wala haikuwa siri kwamba kitu hicho kinadhuru. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi, Kenya, walieleza habari za wagonjwa 60. Wote walikuwa watu wazima waliovimba mwili kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Madaktari waliwauliza wanapaka nini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Kati ya wagonjwa waliofuatiliwa baadaye, karibu nusu walipata nafuu. Wengine hawakupata.

ZEBAKI INAFANYA NINI MWILINI?

Figo ni kama chujio. Huchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Zebaki hulitoboa chujio hilo. Vitu vizuri vya mwili hupotea katika mkojo. Mkojo huwa na mapovu mengi. Uso na miguu huvimba.

Zebaki hudhuru pia mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka. Vidole hufa ganzi. Mtu hukosa usingizi, hukasirika ovyo, husahau. Watu wa nyumbani wanaweza kudhani amerogwa. Hajarogwa. Amekula sumu kwa njia ya ngozi.

Ngozi yenyewe nayo huharibika. Hutoka vipele na mabaka. Hushindwa kupambana na vijidudu na fangasi.

Anayeumia zaidi ni mtoto. Zebaki ya mama hufika kwa mtoto tumboni. Huingia pia katika maziwa ya mama. Ubongo wa mtoto ndio kwanza unajengwa, na sumu kidogo inaweza kuuharibu. Tena mama akipaka mafuta hayo na kumbeba mtoto, hubaki kwenye nguo, kwenye mashuka na mikononi. Mtoto hushika na kulamba.

TUCHUKUE MFANO

Tuchukue mfano wa nyumba moja katika kijiji cha wachimbaji. Baba ni mchimbaji. Mama ana mtoto anayenyonya.

Siku ya gulio mama anapita kwenye meza ya vipodozi.

"Karibu mayu," anasema muuzaji. "Chukua haya mafuta. Majuma mawili tu, utang'aa."

"Yana nini ndani yake, mwanangu?" mama anauliza.

"Ni mafuta ya ng'ambo, mayu. Wenzako wote wanapaka."

Mama anatazama kopo. Maandishi ni ya lugha ngeni. Ananunua.

Usiku baba anarudi. Ana kitonge chake cha dhahabu na zebaki. Anaogopa wezi, hivyo anafunga mlango na kukichoma kitonge jikoni, katika kikaango. Moshi wake hauonekani wala haunuki. Mama ameketi hapo hapo, mtoto yuko kifuani.

Mtoto yule anapata zebaki kwa njia mbili. Moja ni ya baba. Nyingine ni ya mama. Wazazi wote wawili wanampenda. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kumdhuru.

Baada ya miezi kadhaa mama anavimba uso. Anakwenda zahanati. Mganga akiwa mwangalifu, atamwuliza: "Mama, unapaka nini usoni? Na baba anachomea wapi dhahabu?" Mganga asipouliza, mama naye asiposema, ugonjwa utatibiwa kama ugonjwa mwingine.

Huu ni mfano tu. Lakini jiulize kama nyumba ya namna hiyo haipo kijijini kwako.

Habari ya kuchoma dhahabu si ya kubuni. Mwaka 2003 madaktari walipima afya za watu wa Rwamgasa, katika mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda. Walioonekana kuathirika zaidi ni wale waliokuwa wakichoma vitonge.

ZEBAKI HAIKO PEKE YAKE

Kuna kemikali nyingine katika mafuta ya kung'arisha ngozi. Moja huitwa haidrokwinoni. Kemikali hii hutengenezwa viwandani. Hutumiwa pia katika kazi ya kusafisha picha za filamu. Mtu akiipaka, kwanza huwa mweupe. Akiendelea kwa muda mrefu, huota mabaka meusi ya bluu mashavuni na kwenye paji la uso. Mabaka hayo ni magumu sana kutoka. Aliyetaka weupe hupata weusi wa mabaka.

Nyingine ni dawa za jamii ya steroidi. Hizi ni dawa za hospitali. Daktari huzitoa kwa ugonjwa wa ngozi, kwa siku chache na kwa kipimo. Zikipakwa ovyo kila siku, ngozi huwa nyembamba kama karatasi. Hupasuka michirizi. Vidonda huchelewa kupona. Mama akihitaji kupasuliwa wakati wa kujifungua, ngozi hiyo hushonwa kwa taabu.

Kisha kuna mkorogo. Mtu huchanganya mafuta ya makopo matatu au manne katika bakuli. Wengine huongeza dawa ya meno, sabuni ya unga, hata dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe. Hakuna anayejua mchanganyiko huo utafanya nini. Hata aliyeukoroga hajui.

SHERIA INASEMA NINI?

Serikali imekataza vipodozi vyenye sumu. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Ikaundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kusimamia kazi hiyo. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vilipigwa marufuku. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Sasa TBS ndiyo inayosajili vipodozi na maduka ya kuviuza. Wakaguzi wake wana uwezo wa kukamata bidhaa mbaya na kuziteketeza.

Mwaka huo huo wa 2003 ilitungwa pia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani. Hii husimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Zebaki ya machimboni imo chini ya sheria hiyo. Anayeingiza nchini, anayesafirisha, anayehifadhi au kuuza kemikali kama hiyo anatakiwa awe amesajiliwa. Haifai kuuzwa kwa vichupa kama mafuta ya taa.

Nchi yetu haikubaki peke yake. Mwaka 2013 mataifa yalikutana Japani na kufanya mapatano juu ya zebaki. Yaliitwa Mkataba wa Minamata, ili wale walioumia wasisahauliwe. Tanzania ilitia sahihi mwaka huo huo wa 2013. Mwaka 2020 ikauridhia, yaani ikakubali kufungwa na mkataba huo.

Mkataba huo kwanza uliacha mlango mdogo. Ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika sehemu milioni 1. Mchimbaji ataelewa kipimo hicho upesi. Ni gramu 1 katika tani 1. Lakini mlango mdogo nao huingiza panya. Basi mwaka 2023 mataifa yalikutana Geneva, Uswisi, na kuufunga. Yalikubaliana kwamba kufika mwaka 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe tena, kisiingizwe nchini wala kuuzwa nje, hata kama zebaki yake ni kidogo.

KWA NINI BADO VINAUZWA?

Utauliza: kama sheria ipo, mbona makopo hayo bado yanaonekana gulioni?

Kwanza, nchi ni kubwa na mipaka ni mirefu. Huku kwetu tuko karibu na Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo. Kuna njia za panya nyingi, za nchi kavu na za ziwani. Kopo la mafuta ni dogo. Linafichwa ndani ya gunia la nguo.

Pili, wakaguzi ni wachache na magulio ni mengi. Mkaguzi akija Jumatatu, meza hufichwa. Akiondoka Jumanne, meza hurudi.

Tatu, kuna udanganyifu. Wengine hutengeneza mafuta yenye zebaki na kuandika kwenye kopo kwamba hayana. Wengine huyatia katika vikopo visivyo na maandishi kabisa.

Nne, na hili tuliseme bila kuogopa, wanunuzi tupo. Huku Usukumani watu husema kwamba binti mweupe huleta ng'ombe wengi. Binti mweusi husikia maneno hayo tangu utoto. Huwasikia wajomba na mashangazi wakitaja rangi kabla ya kutaja tabia na kazi. Kisha siku moja tunamkuta na kopo la mkorogo, tunamcheka na kumwita limbukeni. Je, kosa ni lake peke yake? Sisi wazazi tunaotaja rangi tunapohesabu ng'ombe, nasi tumo katika kosa hilo.

Sheria inaweza kukamata kopo dukani. Haiwezi kukamata maneno yetu. Maneno tutayaacha wenyewe.

KUSOMA NI NGAO

Wewe uliyejifunza kusoma una ngao mkononi. Itumie. Kabla ya kununua sabuni au mafuta, soma kibandiko.

Zebaki haiandikwi kwa Kiswahili kwenye makopo ya kigeni. Kwa Kiingereza huandikwa MERCURY. Kwa Kifaransa huandikwa MERCURE. Huna haja ya kujua lugha hizo. Tafuta herufi nne tu: M, E, R, C. Ukiona MERC mahali popote kwenye kibandiko, rudisha kopo mezani. Zebaki hujificha pia chini ya jina CALOMEL. Wataalamu huiandika kwa kifupi Hg.

Haidrokwinoni huandikwa HYDROQUINONE. Inaanza na H, Y, D, R, O. Ukiona neno linaloanza hivyo, mwulize mtu wa afya kabla ya kupaka. Steroidi zina majina mengi. Mojawapo ni CLOBETASOL. Nyingine ni BETAMETHASONE.

Kuna alama moja ambayo mchimbaji ataielewa kuliko mtu yeyote. Baadhi ya makopo yana onyo kwamba mafuta yasiguse dhahabu, fedha wala pete. Kwa nini? Unajua jibu. Zebaki hukamata dhahabu, na pete huharibika. Basi jiulize: mafuta yanayoharibu pete ya dhahabu, yatafanya nini usoni mwa mtoto wako?

Kama kopo halina maandishi kabisa, usinunue. Kama halina jina la mtengenezaji wala mahali lilipotengenezwa, usinunue. Kama muuzaji anakataa usilisome, hilo nalo ni jibu.

Lakini kumbuka kwamba kibandiko kinaweza kusema uongo. Kama mafuta yanaahidi kukufanya mweupe kwa siku chache, yaogope hata kama kibandiko chake ni kizuri.

TUFANYE NINI?

Kama unatumia mafuta au sabuni ya namna hiyo, acha. Nenda zahanati au kituo cha afya. Chukua kopo lenyewe umwonyeshe mganga. Usione haya. Kama ni mafuta yenye steroidi na umeyapaka kwa muda mrefu, mganga akueleze namna ya kuacha, kwa sababu ngozi inaweza kuwasha na kuwaka unapoacha ghafla.

Kama unanyonyesha, acha mafuta hayo, wala usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Nenda kliniki ukaulize kwanza.

Kopo lenye zebaki usilichome moto. Zebaki itageuka mvuke na utaivuta. Usilitupe mtoni, kisimani wala chooni. Lifunge vizuri katika mfuko, liweke mbali na watoto, na umpelekee afisa afya.

Kama wewe ni mchimbaji, usichome kitonge nyumbani. Usichome jikoni, wala katika chungu au kikaango cha kupikia. Tumia chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Kanuni za madini zinataka hivyo. Tena utafaidika, kwa kuwa zebaki uliyoinunua kwa fedha zako haipotei hewani. Choma mahali pa wazi, mbali na nyumba, watoto na wajawazito. Nguo za kazi zisilale chumba kimoja na mtoto.

Kama una duka, fahamu kuwa bidhaa hizo zikikamatwa utapoteza mtaji na unaweza kushtakiwa. Mwombe anayekuuzia jumla akupe risiti. Mwulize kama bidhaa zimesajiliwa na TBS.

Ukiona vipodozi vya sumu vinauzwa, mwarifu mtendaji wa kijiji au afisa afya wa kata. TBS na Mkemia Mkuu wa Serikali wana ofisi za Kanda ya Ziwa mjini Mwanza.

Kijiji pia kina uwezo wake. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji cha wachimbaji kinaweza kuamua kwamba dhahabu isichomwe ndani ya makazi. Kinaweza kutenga mahali pamoja pa kuchomea. Kinaweza kuamua kwamba kila meza ya vipodozi gulioni ikaguliwe. Mkaguzi wa kutoka mjini huja mara chache. Kamati ya afya ya kijiji ipo siku zote.

Ndugu msomaji, watu wa Minamata hawakuwa na mtu wa kuwaonya. Walikula samaki wao bila kujua. Wagonjwa wale wa Nairobi walipaka mafuta yao bila kujua. Wewe sasa unajua. Kesho, kabla ya kuoga, geuza sabuni yako na kulisoma ganda lake. Kisha lisome la mama yako, la mke wako na la binti yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni makala haya katika kikundi. Kisha mjadiliane.

1. Zebaki humfikia mtoto kwa njia zipi? Tajeni njia zote mlizosoma.

2. Kila mmoja alete kopo moja la mafuta au ganda moja la sabuni kutoka nyumbani. Lisomeni pamoja. Je, mmeona herufi M, E, R, C?

3. Katika kijiji chetu, wachimbaji huchomea dhahabu wapi? Ni mahali gani panafaa zaidi?

4. Tunaposema juu ya ndoa za watoto wetu, je, tunataja rangi? Tukiacha kuitaja, nani atafaidika?

5. Ni sheria ndogo gani tunayoweza kuipendekeza katika mkutano mkuu ujao wa kijiji?